Sindano Ilifikaje Kwenye Takataka Zetu? Stori ya Busia na Malaba

Mwezi wa pili binamu yangu alidungwa na sindano kwenye lundo la takataka nyuma ya ploti yetu hapa Busia. Yeye huokota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo. Alitia mkono kwenye gunia, akautoa na damu kwenye kidole gumba. Ndani ya lile gunia tulipata sindano mbili. Moja ndogo, ya kifuniko cha rangi ya chungwa, hiyo naijua, ni ya insulini ya kukhu. Nyingine kubwa, na hakuna mtu kwenye ploti aliyekubali kuwa ni yake. Mwenyewe hakujua ni ipi ilimdunga.

Gunia ni mimi niliyelifunga. Mimi ndiye hupeleka takataka za nyumbani.

Hosi ya kwanza tulikoenda walituambia turudi Jumatatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Sasa sikiza: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya ajali kama hiyo lazima zianze ndani ya masaa 72, na kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Piga hesabu mwenyewe Ijumaa jioni mpaka Jumatatu mchana, ukiongeza foleni. Tulipanda boda tukaenda kwingine, tukapata nesi wa kike aliyeelewa bila maswali mengi, na jamaa akaanza vidonge usiku ule ule. Siku 28, bila kuruka hata moja. Kukhu naye, miaka yake 74, akakubali kupimwa ili tupunguze wasiwasi. Alipimwa, yuko sawa. Lakini ile sindano kubwa haina mwenyewe, kwa hivyo vidonge viliendelea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Sikutaka kuandika posti ya "wasee tupaneni makini" halafu basi. Nilitaka kujua hiki kitu kilitoka wapi hadi kikafika kwenye gunia la takataka la nyumba ya kawaida mpakani. Nimegundua kwamba stori ya sindano imepita hapa kwetu kabisa, na watu wachache sana wa umri wangu wanaijua.

Tuanze mbali kidogo. Bomba la sindano kama tunavyolijua lilitokea mwaka 1853. Alexander Wood alilitumia Edinburgh, na Charles Pravaz naye, Mfaransa, akatengeneza lake mwaka huo huo bila wao kushauriana. Miaka kama hamsini baadaye kifaa hicho kilikuwa kando ya ziwa letu, na kilikuja kwa sababu ya ugonjwa wa malale.

Kati ya 1900 na 1920 malale yaliua watu wapatao robo milioni kwenye mwambao wa ziwa upande wa Uganda, hasa Busoga. Busoga si mbali, wasee. Ukivuka geti hapa na kushika matatu ya Jinja, unaipita. Na mbung'o hakuwa na pasipoti, Samia nako kulipata. Mwaka 1906 akaja Robert Koch, yule yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, akapiga kambi visiwa vya Ssese. Watu walienda kwake kwa mamia. Aliwadunga dawa iitwayo Atoxyl, ambayo ndani yake kuna aseniki, sumu ile ile ya panya. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Kisha kuna waliopofuka, na macho hayakurudi tena.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza ya sindano kwa watu wengi wa eneo hili. Ungetarajia waikimbie milele, sivyo? Ila hawakuikimbia, na hapa ndipo stori inageuka.

Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni Kenya ilianza kutibu buba kwa sindano. Buba ni ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi ambao leo hata nyanya zetu wanaukumbuka kwa jina tu. Uzuri wa ile tiba, au ubaya wake, ukitazama yaliyofuata, ni kwamba matokeo yalionekana kwa macho. Mtu anadungwa, baada ya muda mfupi vidonda vinakauka. Dawa za kunywa za wakati huo hazikuwa na mchezo kama huo. Watu walianza kujileta wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, ambayo kwa buba dozi moja ilitosha, na imani ikazidi kuwa nzito: tiba ya kweli ni ile inayouma. Mpaka leo nenda kemisti yoyote Malaba, kaa pale dakika kumi. Utasikia mtu mzima, mwenye homa tu, akimwambia yule wa kaunta, "Hapana, vidonge nimechoka navyo. Nidunge." Hayo maneno yana miaka mia.

Wakati huo wote sindano zilikuwa za glasi na chuma, zinachemshwa na kutumika tena. Nimeongea na wazee wanaokumbuka sauti ya ile sufuria ya zahanati. Kifaa kilikuwa ghali, kwa hivyo hakikutupwa. Tatizo la kutupa sindano halikuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa anazitupa. Bomba la plastiki la kutumika mara moja lilisajiliwa na Colin Murdoch, mfamasia na daktari wa mifugo wa New Zealand, mwaka 1956. Lilichukua muda kufika kwetu, na lilipofika, watu waliendelea kulichemsha kama la glasi. Ungefanya nini? Kitu kimenunuliwa na bado kinafanya kazi.

Hapa niweke kando kidogo habari ya Alupe, kwa sababu vijana wengi wanaijua Alupe kama chuo kikuu tu. Ukitoka Busia kwenda Malaba kwa barabara utapita pale. Kabla ya chuo, Alupe ilijulikana kwa ukoma na kwa malale. Wagonjwa wa malale kutoka Busia, Teso na Bungoma walipelekwa pale kutibiwa, na ukifika hatua ambapo vijidudu vimeingia kwenye ubongo, dawa ilikuwa melarsoproli. Nayo ni aseniki, yaani mjukuu wa ile ya Koch, na inaingia kwenye mshipa ikiunguza. Katika kila wagonjwa ishirini, yeye mwenyewe humuua kama mmoja. Na kuna kitu kimoja kilichonishangaza: majimaji inayoyeyushwa ndani yake yanaharibu plastiki. Kwa hivyo hata wakati dunia nzima imehamia mabomba ya plastiki, melarsoproli iliendelea kuhitaji bomba la glasi. Juzi tu, Desemba 2023, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono vidonge viitwavyo fexinidazole kwa aina ya malale inayopatikana upande huu wetu, baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda. Vidonge! Baada ya zaidi ya miaka mia ya kudungwa sumu. Mimi niliposoma hiyo nilisimama.

Rudi mpakani sasa. Kila mtu anajua boda boda ilizaliwa hapa miaka ya 1960, vijana wa baiskeli wakibeba watu kutoka geti la Kenya hadi geti la Uganda, wakiita "boda, boda." Tunajivunia hiyo, na ni haki yetu. Lakini baiskeli zile zile zilibeba vitu vingine pia. Miaka ya 1970, Amin alipowafukuza Wahindi na uchumi wa Uganda ukaanguka, magendo yakawa maisha. Huko Chepkube kahawa ilivushwa kwa magunia. Ndani ya Uganda hospitali za serikali zilibaki kuta tu, na dawa zikahamia sokoni, dukani, na nyumbani kwa mtu anayejua kudunga. Alikuwa msaidizi wa zahanati wa zamani, au askari aliyewahi kufunzwa, au jirani tu aliyejifunza kwa kutazama. Ukiugua unamwita, anakuja na kit yake, anakudunga, unamlipa kuku.

Halafu Ukimwi. Uganda ulianza kuonekana 1982 kule Rakai, na Kenya kisa cha kwanza kilirekodiwa 1984. Barabara inayotoka Mombasa, Nairobi, ikipita hapa kwenda Kampala, ndiyo iliyobeba malori, na Malaba na Busia ndipo malori yalilala. Sitarudia stori ya madereva, mmeisikia mara elfu na mara nyingi inasimuliwa kwa dharau kwa watu wetu. Ninachotaka mjue ni kilichotokea kwa sindano.

Serikali ya Uganda ilianza kuwaambia watu wazi: sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kukuambukiza. Ujumbe ulikuwa wa kweli. Watu wakaelewa. Na wakafanya jambo la akili kabisa: wakanunua sindano zao. Mtafiti Harriet Birungi alichunguza hili Busoga, na utafiti wake uliotoka miaka ya 1990 ndio ulionifungua macho. Anaeleza jinsi familia zilivyokuwa zinaweka bomba na sindano yao nyumbani. Ukienda hosi, unabeba yako. Ukimwita jirani wa kudunga, anatumia yako. Watu waliacha kuiamini taasisi, wakaamini kile kilicho ndani ya kabati lao na mtu wanayemjua kwa jina.

Ona basi jinsi ilivyokuwa. Kampeni ya kuogopa sindano ndiyo iliyoingiza sindano majumbani. Silaumu mtu. Kama ningekuwa mzazi mwaka 1990, na zahanati ina sindano moja ya kuchemshwa kwa watoto arobaini, ningenunua yangu pia. Lakini hakuna aliyesema sehemu ya pili: ikishaisha kazi, iende wapi? Iliingia nyumbani bila mlango wa kutokea.

Nao waliokuwa na wasiwasi hawakuwa wanaota. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kwa mwaka 2000 peke yake, sindano zisizo safi duniani zilisababisha maambukizi milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya virusi vya Ukimwi. Angalia ni ipi inaongoza. Sisi tukidungwa tunawaza Ukimwi, wakati hatari ya kuupata kwa kudungwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama 3 kwa 1,000. Homa ya ini B inaweza kufika 300 kwa 1,000 kama hujachanjwa, na kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba. Siku saba! Kwenye gunia, juani, mvuani. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote wachanga dhidi yake mwishoni mwa 2001. Uganda 2002. Kama umezaliwa baada ya hapo na mathe alikupeleka kliniki, pengine una kinga. Binamu yangu alizaliwa 1998. Haya, ndiyo maana nesi alimuuliza mwaka wa kuzaliwa kabla hajauliza jina.

Hospitali zenyewe zilibadilika, na hilo lazima tulisifu. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba chanjo zote zihamie kwenye mabomba yanayojifunga yenyewe, ukishasukuma mara moja hayarudi nyuma. Yakaja pamoja na lile sanduku la njano la kadibodi ambalo umeliona zahanati, la lita tano, linabeba kama sindano mia. Juni 2002 Kenya ilichanja watoto zaidi ya milioni 13 dhidi ya surua katika kampeni moja. Fikiria rundo la sindano milioni 13. Lilikusanywa kwenye masanduku na kuchomwa. Mwaka 2015 Uganda ikawa miongoni mwa nchi tatu, pamoja na Misri na India, zilizochaguliwa kuanza mpango wa mabomba salama hata kwa tiba za kawaida. Kanuni za taka za Kenya za 2006 zina sehemu nzima ya taka za hospitali: zitengwe pale pale zinapotoka, ziwekewe alama.

Sasa toka nje ya geti la hospitali, uone kama kuna kitu.

Kukhu hudungwa mara mbili kwa siku. Hiyo ni zaidi ya sindano 700 kwa mwaka kama kila moja inatumika mara moja tu, na tuwe wakweli, haitumiki mara moja tu, kwa sababu ya bei. Sheria ya taka ya 2022 inatuambia tutenge zinazooza na zisizooza. Sindano ya insulini ni ipi hapo? Kwa Wafaransa famasia inakupa sanduku bure, ukijaza unarudisha. California wamekataza tangu 2008 kutupa sindano za nyumbani kwenye takataka za kawaida. Mimi hapa Busia sijawahi kuuziwa insulini nikaambiwa hata sentensi moja kuhusu sindano baada ya kutumika. Tunajua kuzuia mifuko ya plastiki mpakani, tangu Agosti 2017 watu wanakamatwa kwa kuivusha kutoka Uganda. Tuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa na marais wawili Februari 2018. Lakini kwa sindano, kila ploti ijijue.

Na si wagonjwa wa sukari peke yao. Siku hizi kuna sindano ya kupanga uzazi ambayo mwanamke anajidunga mwenyewe chini ya ngozi, kila miezi mitatu. Uganda iliruhusu hilo kabla yetu. Ni kitu kizuri sana, dada wa Malaba anayeuza samaki hahitaji kupoteza siku nzima kwenye foleni. Maelekezo husema kifaa kilichotumika uweke kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, urudishe kwa mhudumu wa afya. Lakini wengine wanatumia hiyo njia kwa sababu mume hajui. Kwa mwanamke kama huyo, chombo chenye sindano ndani ya nyumba ni ushahidi. Kwa hivyo inaenda chooni.

Choo cha shimo ndilo jibu la wengi, na sitacheka mtu. Kijijini, shimo refu, boma lako mwenyewe, usipokuwa na njia nyingine, ni afadhali mara mia kuliko lundo. Lakini mjini choo kinajaa, na kuna kijana anayelipwa kushuka na ndoo usiku. Umehamisha tu mkono utakaodungwa. Kuchoma nako nilijaribu. Moto wa takataka unayeyusha plastiki, ile chuma inabaki kwenye majivu ikiwa kali vile vile, sasa haionekani. Chuma cha sindano kinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,400 kuyeyuka. Moto wa maganda ya mahindi hauko hapo.

Basi tunachofanya kwetu sasa ni hiki, na nesi yule ndiye alituelekeza. Chupa ya Jik iliyoisha, ile nzito ambayo sindano haiwezi kuitoboa. Chupa ya soda haifai, inatoboka, na tena ndiyo wanayotafuta waokotaji. Nimeandika kwa kalamu nzito SINDANO USIFUNGUE, pande zote mbili. Kukhu akimaliza anaitumbukiza hapo hapo, yote, bila kuirudishia kifuniko, kwa sababu watu wengi hujidunga wakati ule wa kurudisha kifuniko. Chupa inakaa juu ya kabati, watoto wasifikie. Ikifika robo tatu, tunafunga, tunazungusha selotepu, tunapeleka kwa hosi yenye masanduku ya njano na kuomba waichukue. Uliza kwanza. Tulikoenda mara ya kwanza walikataa, wakasema wao huchukua za kwao tu. Pa pili walipokea, ingawa askari wa geti aliitazama ile chupa kama bomu.

Kukhu mwanzoni hakupenda. Alisema chupa inamkumbusha ugonjwa kila akiamka. Nikamweleza habari za Koch na wale waliopofuka Ssese, akanyamaza kidogo, akasema babake alikuwa anaongea juu ya ule ugonjwa wa kulala, kwamba watu wa Samia walihamishwa kutoka ufukweni na hawakurudi wote. Hakuwahi kutuambia. Miaka yote hiyo nakaa naye nyumba moja.

Binamu amemaliza vidonge vyake. Amepimwa mara moja, hana kitu, bado kipimo cha mwisho mwezi ujao. Ameanza pia chanjo ya homa ya ini, dozi mbili tayari, moja bado. Bado anaokota chupa, maana hiyo ndiyo kazi. Nilimnunulia glavu za ngozi za wachomeleaji pale soko la Busia. Huvaa ya kulia tu. Anasema ya kushoto inamzuia kuhesabu pesa.